Kupepeta Rafu ya Afya

Jumatatu, 2 Juni

...kwa hiyo hilo la mapazia tutalimaliza ukirudi, maana mtu hawezi kupanda lori huku anapiga kelele "Yoyote isipokuwa ya maua!" halafu akadhani ameshinda. Nimenunua ya maua. Yananing'inia mbele yangu sasa hivi, laazizi, na kila upepo ukiyainua naona kama ni wewe unaingia.

Mume wangu. Acha niliandike tena: mume wangu! Nimeliandika kwenye bahasha, nimeliandika pembeni ya gazeti, na jana nimelitamka kwa muuza sabuni ambaye hakuniuliza chochote. "Mume wangu anapenda hii ya bluu," nikamwambia. Akasema, "Hongera, dada, lakini chenji sina."

Dereva wa lori la saruji amekubali kuwa tarishi wetu. Kila akija mjini kupakia atachukua barua yangu na kuniletea yako. Nusura nimkumbatie. Akanitazama, akasema, "Shemeji, huko darajani simu hazishiki, lakini mapenzi naona yanashika." Muandalie chai, tafadhali. Maisha yangu yako mikononi mwake.

Sasa habari kubwa: nimepata kazi! Ile maktaba ya umma nyuma ya soko itapakwa rangi na kuwekewa rafu mpya, na kabla ya hapo lazima vitabu vipunguzwe. Walitaka mtu wa muda, aliyemaliza sekondari, asiyedhurika na vumbi. Nikasema ndiye mimi. La vumbi nilidanganya. Sasa nikipiga chafya Mkutubi Mkuu ananitazama juu ya miwani, nami najifanya nacheka.

Huyo Mkutubi Mkuu watu wote wanamwita Bibi Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema maisha yake yote. Siku yangu ya kwanza, kabla ya saa nne, alikuwa ameshalisema mpaka sauti imemkauka. Akaketi, akasema, "Binti, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nimemkosea nini Mungu?"

Kazi yenyewe tunaiita kupepeta. Unatoa kitabu rafuni, unafungua nyuma palipobandikwa karatasi ya tarehe. Kama hakijapigwa muhuri wa kuazimwa kwa miaka mitano, kinaingia kwenye toroli. Bibi Kimya anakikagua, na akiridhika anakigonga muhuri mwekundu: KIMEONDOLEWA. Vizuri vinawekwa kwenye meza ya nje, anayetaka achukue bure. Vilivyooza na vilivyopitwa na wakati vinaingia magunia na kupelekwa kiwandani, vikasagwe viwe maboksi.

Nililia, mpenzi wangu. Kulikuwa na kitabu cha kufundisha kupiga taipu kwa vidole vyote kumi, hakuna aliyekigusa tangu mimi sijazaliwa. Kulikuwa na ramani yenye nchi ambazo hazipo tena. Nilipokiweka kile cha taipu kwenye toroli nikakiambia pole. Bibi Kimya akasikia.

"Hapa hatuziki watu, binti."

"Lakini kimekaa peke yake miaka yote hii!"

"Ndiyo maana kinaondoka."

Moyo wa jiwe. Mimi sitaki chochote kiondoke. Ukiondoka wewe tu inatosha.

Na Mama? Usiwe na wasiwasi hata chembe. Mama yako na mimi ni chanda na pete. Hasemi sana, ila mimi nasema ya watu wawili, kwa hiyo hesabu inakaa sawa. Tatizo ni hayo maji! Nikiingia tu mlangoni, gilasi ya maji. Nikikohoa, maji. Nikiamka, maji yako kando ya kitanda yamefunikwa kisahani. Wakwe wengine hupewa mawaidha, mimi namwagiliwa kama mche wa nyanya. Fundi wa mabomba alikuja juzi kutengeneza koki, na kabla hajafungua mkoba alikuwa ameshanyweshwa gilasi mbili.

Situlii, mume wangu. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, nikitembea nahamisha kitanda. Leo kimeelekea dirishani. Rudi kabla sijakitoa nje.

Wako wa pumzi zote,
Chiriku


Jumatatu, 9 Juni

Chiriku wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha saruji. Dereva anaapa hakuisoma, ila ameniuliza mapazia yana maua ya aina gani.

Mimi mzima. Tunachomelea mihimili ya ng'ambo ya pili. Kofia ya kuchomelea ni ya moto kama sufuria, lakini ndani yake kuna giza zuri la kukuwaza. Wenzangu wanasema tangu nioe najichekea peke yangu ndani ya kofia. Mkandarasi anasema tutamaliza mwisho wa mwezi. Mkandarasi husema mengi.

Usingizi sina. Mto unanguruma, nimehamisha hema langu kutoka karibu na maji mpaka karibu na mashine, sasa mashine ndiyo inanguruma. Naona wewe na mimi tuna ugonjwa mmoja.

Hongera kwa kazi. Funga pua kwa kitambaa, usijifanye shujaa.

Maji ya Mama yanywe tu. Usimkatalie, wala usimtanie sana juu ya hilo. Ndivyo alivyo tangu zamani. Na usimchokonoe kwa maswali, nakujua wewe. Akitaka kusema atasema.

Mapazia nimeyakubali. Hilo usimwambie dereva.

Fundi wako


Jumamosi, 14 Juni

Fundi wa moyo wangu,

Umeyakubali! Nimemsomea Mama mstari huo kwa sauti. Akasema, "Mm." Nimebandika barua yako ukutani karibu na dirisha, na ninapopita naigusa, na leo nimepita mara nyingi.

Sasa acha nikueleze ukweli, kwa kuwa leo una mwisho mzuri. Ile chanda na pete niliitia chumvi. Mama alikuwa hasemi nami. Si kwa ubaya; ni kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Nikimwambia habari ya maktaba anasimama na kwenda kuchota maji. Nilikuwa nalala nikijiuliza nimekosa nini. Sikutaka kukupa mzigo ukiwa juu ya mihimili.

Lakini sikiliza nilichokiona! Jumatano niko nyuma ya rafu, nimefunga kitambaa puani kama jambazi, nachungulia katikati ya vitabu, nikamwona nani? Mama! Ndani ya maktaba! Na mimi aliniambia anakwenda sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya afya, kule pembeni, bila kutazama huku wala huku, kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Akasimama. Akatia mkono rafuni. Mkono ukaingia kwenye pengo, na hapo ulibaki, mume wangu, ndani ya pengo, muda ambao ungeweza kusali.

Nikajua. Kitabu alichokuwa akikitafuta nilikuwa nimekitoa mimi asubuhi ile. Kikubwa, cha kijani, cha tiba za nyumbani. Karatasi ya nyuma ilikuwa nyeupe, haina hata muhuri mmoja. Unajua kwa nini? Vitabu vya rafu ile haviazimwi! Vinasomwa humu humu, basi. Mama anaweza kukisoma miaka ishirini na karatasi ikabaki nyeupe kama kimelala. Nilikitazama vizuri. Kurasa zote ni ngumu, mpya, isipokuwa mmoja katikati uliolainika kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nikamuuliza Bibi Kimya kama anamfahamu yule mama. "Yule? Huja kila wiki tangu nimeajiriwa. Hapigi kelele. Natamani wangekuwa wengi."

Tangu ameajiriwa! Mapenzi gani hayo! Mtu ana kitabu chake kimoja duniani, hajapewa hata nafasi ya kukipeleka nyumbani, halafu mkwewe anakuja anakitupa kwenye toroli. Moyo wangu ulikatika.

Bibi Kimya alisema vitabu vya afya haviendi mezani, vinamsubiri Nesi Mkuu wa zahanati aje avikague. Lakini Nesi alikuwa bado hajaja, na mimi siwezi kusubiri, unanijua. Nikakitia chini ya mtandio, nikatoka nacho huku nikipiga chafya ili watu watazame pua yangu na siyo ubavu wangu. Nimekifunga kwa kipande kilichobaki cha mapazia yetu. Ya maua!

Nilimkabidhi jana. Alifungua polepole. Alipoona rangi ya kijani akakishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzie.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Moyo wangu tu."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe amenitazama hasa! Machozi yakamlengalenga. Akaingia chumbani na kitabu chake, akafunga mlango, na mpaka nalala taa yake ilikuwa inawaka. Anasoma! Mume wangu, nimempatia. Nimekuwa mtoto wa nyumba hii. Natembea chumbani nikicheka peke yangu kama wewe ndani ya kofia.

Wako anayeruka bila mbawa,
Chiriku


Jumatano, 18 Juni

Mke wangu,

Kitoe hicho kitabu nyumbani leo hii. Kirudishe maktaba, kitie guniani, fanya utakavyo, ila kisilale humo tena. Usimuulize Mama kitu. Usimweleze kitu.

Si kosa lako. Nilipaswa kukuambia mambo fulani kabla, na sasa siwezi kuyaandika nimesimama, dereva hajazima injini.

Kitoe.

Mimi


Jumanne, 24 Juni

Fundi,

Umeniita "mke wangu", na neno hilo, pacha wa lile "mume wangu" nililokuwa naliandika pembeni ya gazeti, likanichoma. Wewe huniita Chiriku. Na ukatia sahihi "Mimi", kama mtu anayegonga mlango usiku.

Barua yako imechelewa. Lori lilikatika ekseli njiani, dereva kaja jana na nguo zote grisi, hakutania hata kidogo. Kwa hiyo kitabu kimelala humu zaidi ya ulivyotaka, na mpaka leo kimo. Siwezi kukitoa. Kiko chini ya mto wake. Akienda kuoga anakwenda nacho.

Mama hajatoka nje tangu nimpe. Anakula vijiko viwili vitatu. Nikipita mlangoni kwake nasikia ananong'ona, anasoma, anasimama, anatembea, anarudi kusoma, sauti ile ile, maneno yale yale. Wewe unasema usimuulize. Haya, sikumuuliza. Nimehamisha kitanda, nimefua mapazia safi, nimezunguka nyumba mpaka jirani kaniuliza kama nimepoteza kuku.

Unataka kujua lililonitisha kuliko yote? Juzi niliingia kutoka kazini, koo kavu kwa vumbi. Nikasimama mlangoni nikisubiri gilasi yangu. Haikuja. Nilisimama pale na mkoba mkononi, mkwe mzima, nikisubiri maji ambayo nilikuwa nayatania, na hayakuja.

Leo Nesi Mkuu amekuja kukagua. Ni mwanamke mnene mwenye viatu vya raba, mcheshi, anatuita wote "wagonjwa wangu". Akapanga vitabu vya afya makundi mawili: hiki kibaki, hiki guniani. Mimi nikiandika. Katikati ya rundo akatoa kitabu kikubwa cha kijani. Nikadhani nimefumaniwa! Kumbe maktaba ilikuwa na nakala ya pili, ilidondoka nyuma ya rafu.

"Hiki guniani," akasema, "tena mkichane kabisa, mtu asikiokote."

Unajua mimi ninavyovitetea. Nikasema, "Lakini kuna watu wanakipenda, dada."

Akafungua katikati, akanisomea. Kinasema mtoto akiharisha asipewe kinywaji chochote mpaka tumbo lipumzike. "Ndivyo ilivyofundishwa zamani," Nesi akasema. "Na kumbe maji ndiyo yanayomwokoa. Maji yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko. Ukimnyima ndiyo unammaliza."

Nikatazama nambari ya ukurasa. Ni ule ule. Ule uliolainika.

Nikamwambia Bibi Kimya naumwa kichwa, nikaenda kukaa kwenye magunia.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa kumuuliza Mama umenikataza. Alikuwa nani? Na kwa nini nimeolewa katika nyumba ambayo mtu huyo hatajwi?

Chiriku, ukipenda bado


Ijumaa, 27 Juni

Chiriku wangu,

Napenda bado. Ningependa hata ungeacha kuongea, jambo ambalo halitatokea.

Alikuwa mdogo wangu wa kike. Tulimwita Kadogo. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti, akifanikiwa anatazama nani kaona. Mimi nilikuwa darasa la pili. Marehemu Baba alikuwa safarini na gari la kampuni.

Ilianza Jumamosi. Zahanati ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Mama akanipa mtoto nimshike, akakimbia maktaba. Kitabu hakiazimwi, kama ulivyosema, na yeye hakuwa na kalamu wala karatasi. Akakisoma amesimama, akarudi mbio akiyarudia maneno njiani ili yasimtoke. Alipoingia mlangoni midomo bado inayasema. Akanipokonya kikombe cha maji nilichokuwa nimekishika.

Kadogo aliomba maji siku nzima. Neno hilo alikuwa ameshalijua. Mama alikuwa analia, na anakataa, na anayarudia yale maneno ili ajipe nguvu. Jumapili jioni ikawa basi.

Hajawahi kuamini kwamba alisoma vizuri. Nilimsikia siku moja akimwambia shangazi: kuna mstari niliuruka, kwa haraka yangu, kuna mahali kilisema apewe. Kwa hiyo anarudi kukisoma. Anaona hakuna mstari alioruka, anatulia, anafika nyumbani, mlangoni anaanza kujiuliza tena. Wiki inayofuata anarudi. Maktaba ikifungwa saa kumi na moja, walau analazimika kupumzika. Wewe umemletea kitabu kisichofungwa.

Si kosa lako, nasema tena. Ni mimi niliyekuoa na kukuweka humo bila kukuambia. Niliona ukiingia na kelele zako nyumba itapata hewa, na ile habari itakwenda yenyewe. Tangu uingie nimeona aibu kuileta kwenye kitanda chetu.

Sasa naomba kitu kimoja. Aliyoyasema Nesi, Mama asiyajue. Amejitesa kwa mstari ambao haupo. Akiambiwa kwamba maji yale yale aliyomnyima ndiyo yangemponya, hatainuka. Afadhali abaki na shaka yake kuliko kupata uhakika wa namna hiyo. Niahidi.

Na habari mbaya nyingine: tumeongezewa kazi, nguzo za upande wetu zina kasoro. Sitarudi mwisho wa mwezi. Natembea juu ya mihimili kama paka.

Fundi wako


Jumatano, 2 Julai

Mume wangu, Fundi wangu,

Siwezi kukuahidi, kwa sababu barua yako imefika leo na mambo yametokea juzi. Keti kwanza. Si juu ya mhimili, keti chini.

Kumbe nilikuwa na wifi. Nimelisema neno hilo peke yangu chumbani, wifi yangu, na halikuwa na mtu wa kuitika. Ningemsumbua sana. Tungekucheka pamoja.

Juzi ilikuwa siku ya mwisho ya magunia. Nesi alikuwa amerudi kumalizia, Bibi Kimya yuko mezani na muhuri wake, mimi nafunga kamba. Mlango ukafunguka, Mama akaingia. Amevaa vizuri, viatu vya kutokea. Kifuani amekumbatia kitabu, bado kimefungwa kwa kile kitambaa cha maua. Nilitaka kujificha ndani ya gunia. Wizi wangu huo unaletwa mchana kweupe!

Hakunitazama. Akaenda mpaka kwa Nesi.

"Mkwe wangu husema nyumbani, hata nisiposikiliza, kwamba kuna mtu anakuja kukagua hivi vitabu. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nisomee hapa. Mimi macho yangu siyaamini tena."

Nesi akasoma. Mama alikuwa anatembeza midomo pamoja naye, neno kwa neno, hajakosea hata moja.

"Hakuna mstari uliouruka?"

"Hakuna, mama."

"Soma tena."

Nesi akasoma tena. Kisha nikaona anamtazama Mama usoni, na ule ucheshi wake wote ukaondoka. Akaelewa, nadhani ameshawaona wengi. Mimi nilitaka kuruka nimzibe mdomo. Hata kabla ya barua yako nilitaka kumziba mdomo, naapa. Lakini nilibaki nimeshika kamba ya gunia.

"Mama," akasema, "ulisoma sawasawa. Ulifanya kama kilivyosema. Kitabu ndicho kilichokosea."

"Kitabu."

"Kitabu. Na waliokiandika, na waliotufundisha sisi. Mtoto alitakiwa apewe maji. Hilo hapa halimo. Ungesoma mpaka kesho usingelikuta."

Nikasubiri Mama aanguke, nikajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Aligeuka kwa Bibi Kimya, na mume wangu, sikuwahi kujua Mama ana sauti.

"Na kikakaa hapo!" Watu wa chumba cha magazeti wakainua vichwa. "Miaka yote kimekaa hapo! Mama mwingine akija mbio, kimesimama rafuni kinamngoja! Mnafuta vumbi, mnatuambia tunyamaze, na hicho mnakiacha!"

Bibi Kimya alifungua mdomo. Nikajua neno linalokuja. Halikuja. Aliketi na muhuri mkononi, akasema polepole, "Kilikaa. Tuliona tukitoa vitabu tunaiba. Ni kweli, mama, kilikaa."

Mama akanyoosha mkono. "Nipe huo."

Bibi Kimya akampa muhuri. Mama akafungua ule ukurasa uliolainika, akaulaza mezani kwa kiganja kama anayenyoosha shuka, akagonga. KIMEONDOLEWA. Akagonga tena, na tena, mpaka mistari yote ikawa nyekundu na wino ukaanza kufifia. Hakuna aliyemzuia. Kisha akakitia guniani yeye mwenyewe, akanipokonya kamba, akafunga fundo. Kitambaa cha maua akakikunja akakitia mkobani.

Ndipo akaniona. Nilikuwa nimejaa vumbi na kamasi, siwezi hata kueleza.

"Wewe," akasema, "umekunywa maji leo?"

Fundi, nililia! Nililia kwa sauti ambayo nadhani uliisikia huko mtoni, na hapo ndipo Bibi Kimya, ambaye alivumilia yote, alisema, "Kimya, binti." Mama akacheka. Kidogo tu, kupitia pua, lakini alicheka.

Sitakudanganya tena kwa chanda na pete. Usiku wa juzi alilia, na jana alilia, kilio kikubwa, mpaka jirani akaja. Anasema wakati mwingine inauma kuliko mwanzo. Ana hasira, na hasira haina pa kukaa, inazunguka naye nyumba nzima. Lakini taa yake ilizimwa mapema. Na leo asubuhi kulikuwa na gilasi kando ya kitanda changu, imefunikwa kisahani.

Mimi sasa rafu tupu hazinitii huruma tena. Nikipita napitisha mkono kwenye mapengo. Wapaka rangi wanaanza kesho, maktaba imefungwa, kazi yangu imekwisha, na siwezi kukaa.

Mama anataka kalamu. Anasema nimemaliza wino kwa maneno ya kupamba.

Wako, wako, wako,
Chiriku


Siku hiyo hiyo

Mwanangu,

Mke wako amenisomea barua yako, nilimlazimisha. Usimgombeze. Ulitaka nisijue. Mimi na wewe tumekaa nyumba moja miaka yote hii, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile.

Nilisoma sawa. Nimeliandika hilo nilione kwa mkono wangu. Halimrudishi. Kuna saa nataka kuvunja sahani. Lakini jana nilifika mlangoni nikangoja lile swali lianze, halikuanza. Nikaingia ndani kama mtu mwingine.

Wewe ulikuwa umeshika kikombe. Nakumbuka. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa na akili kuliko kitabu. Sijawahi kukuambia.

Huyu mke wako anaongea hata usingizini. Mwanzoni nilidhani ni adhabu.

Miguu inanisumbua. Haitaki kukaa, na pale ilipozoea kunipeleka kila wiki hapana haja tena. Nimezungumza na dereva. Anasema mbele kuna nafasi ya watu wawili wembamba. Nimemwambia sisi tutajibana, na yeye apunguze maswali juu ya mapazia. Nyumba tutafunga, ufunguo atakaa nao yule mkutubi, kwa kuwa sasa hana la kufanya.

Hatukai sana, tutakuangalia tu jinsi unavyotembea juu ya hivyo vyuma. Usihangaike kutuandalia. Kadogo nitakusimulia huko huko, mambo yake mengine, alivyokuwa akikung'ata sikio. Mke wako ameshatoa chupa zote kabatini anazijaza maji ya njiani. Nimemwambia zinatosha, anaongeza.

Kabla mwezi huu haujaisha utatuona.

Mama yako